Mdogo wangu ameacha dawa ya kisukari kwa ajili ya bakteria wa tumboni, anataka nami niache

BARUA

Mshauri mpendwa,

Nakusalimu. Mimi ni mama wa miaka 56, nina kisukari aina ya pili na nameza metformini kwa miaka mingi sasa. Nameza pia omeprazoli, ile kapsuli ya asubuhi kabla ya kula, ya kupunguza tindikali tumboni. Hiyo nilianzishiwa wakati magoti yaliponikamata nikaandikiwa diklofenaki. Daktari alisema dawa ya maumivu inaweza kulichoma tumbo, kwa hiyo hii italilinda. Magoti yakatulia. Diklofenaki siku hizi nameza mara mojamoja, wiki hupita sijaigusa, lakini omeprazoli imebaki. Kila nikienda kuchukua dawa inaandikwa tena, nami sijawahi kuuliza kwa nini.

Kwetu tumezaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kike. Yeye pia ana kisukari, kama alivyokuwa nacho marehemu mama. Mama alifariki figo zikiwa zimeshindwa kabisa, na aliyemuuguza ni mdogo wangu, kwa kuwa mimi kazi ilinipeleka mbali. Yeye ndiye aliyempangia vidonge asubuhi na jioni, ndiye aliyemshika akitapika. Mpaka leo anasema mama hakuuawa na sukari, aliuawa na vidonge. Mimi hilo huwa silijibu. Aliyekuwepo ni yeye.

Sasa kuna hili la bakteria. Mdogo wangu amesoma sana habari za bakteria wanaoishi tumboni, na siku ya kuzaliwa kwangu akanizawadia kipimo: unachukua kinyesi kidogo, unakipeleka maabara, unaletewa ripoti. Ripoti ilikuja na michoro ya kijani, njano na nyekundu. Ilisema uanuwai wa bakteria wangu uko chini, kwamba bakteria wa jamii ya Escherichia wamezidi, na kwamba wapo pia bakteria wanaopaswa kukaa kinywani, si kwenye utumbo. Hizo sehemu zote zilikuwa nyekundu. Mdogo wangu alisoma akalia. "Dada, unaona? Dawa zinakumaliza kutoka ndani." Akanionyesha na makala inayosema robo ya dawa zote zinaua bakteria wa tumboni. Akaniletea na kichupa cha kapsuli za bakteria wazuri.

Siwezi kusema anaota tu. Mwaka jana nilipewa antibiotiki kwa ajili ya maambukizi ya njia ya mkojo, tumbo likaharisha, na tangu hapo halijarudi kuwa lile nililolizoea. Hujaa gesi, siku nyingine linafunga, siku nyingine linaachia. Kwa hiyo anaponiambia dawa zimeharibu mazingira ya tumbo langu, moyoni nasikia kama ana ukweli.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Ameniambia kwa siri kwamba yeye ameshaacha metformini. Anasema tumbo lake, lililokuwa likimkimbiza chooni kila siku, sasa limetulia, amekuwa mwepesi, anapata usingizi. Hapimi sukari, anasema mwili wake unamwambia. Mumewe anadhani bado anameza. Ameniapisha nisimwambie mtu. Na anataka tuache pamoja, "tusife kama mama." Akija kunitembelea naficha dawa zangu kwenye kabati la nguo, kwa sababu akiziona ananiuliza mbona ninakula sumu huku nimeshaambiwa.

Daktari wangu si mtu mbaya, ila foleni ni ndefu, na naona aibu kumpelekea ripoti ya mtandaoni nikaonekana mjuaji.

Nisaidie mawazo. Je, naua bakteria wangu kwa mkono wangu mwenyewe? Niache, nipunguze, au niendelee? Na siri ya mdogo wangu niifanyeje? Nikiisema nitampoteza. Nikinyamaza naogopa nitampoteza vilevile.

Dada Mkubwa

JIBU

Dada Mkubwa, asante kwa kuniamini. Katika bahasha moja umeniletea barua mbili. Ya kwanza inauliza habari za dawa na bakteria. Ya pili ni ya dada anayeogopa kumpoteza mdogo wake, na ambaye bado anahisi ana deni kwa kutokuwepo mama alipougua. Ile ya kwanza umeieleza kwa urefu na ya pili umeipitia haraka, lakini nahisi hiyo ya pili ndiyo inayoifanya ya kwanza iwe ngumu. Kipimo kile kingetoka kwa jirani, ungekuwa umeshamuuliza daktari zamani. Kimetoka kwa mtu ambaye kumbishia kunafanana na kuibishia miaka aliyokaa kitandani pa mama.

Nianze kwa kumpa mdogo wako haki yake. Hajabuni kitu. Dawa za kawaida kabisa, zile tusizozihesabu kuwa za kuua vijidudu, zinawagusa bakteria wa utumbo. Makala aliyokuonyesha huenda inatokana na utafiti uliotoka mwaka 2018 mjini Heidelberg, Ujerumani. Watafiti walichukua dawa zaidi ya 1,000 zilizoko sokoni wakazijaribu moja moja juu ya aina 40 za bakteria wa utumbo. Katika zile zilizotengenezwa kwa ajili ya mwili wa binadamu, si kwa ajili ya vijidudu, asilimia 24 zilizuia ukuaji wa angalau aina moja.

Angalau aina moja, kati ya 40. Na kazi hiyo ilifanyika maabara, bakteria wakiwa peke yao kwenye vyombo, bila utumbo, bila chakula, bila kinga ya mwili. Ni utafiti mzuri na ulizindua watu wengi, lakini kutoka hapo hadi "zinakumaliza kutoka ndani" ni mwendo mrefu, na huo mwendo mdogo wako ameutembea peke yake akiwa na majonzi.

Hapo ndipo ningependa tukae kidogo, wewe na mimi. Kuna dhana imepita katika barua yako bila kuulizwa swali: kwamba dawa ikibadilisha bakteria, basi imeharibu. Hebu tuitazame kwa metformini yenyewe.

Kwa muda watafiti walikuwa wakilinganisha utumbo wa watu wenye kisukari na wa wasio nacho, wakikuta tofauti, wakisema hii ndiyo sura ya kisukari tumboni. Mwaka 2015 kundi moja lilichambua upya takwimu za watu wa Denmark, Sweden na China, safari hii wakiwatenga wanaomeza metformini na wasioimeza. Ikaonekana kwamba sehemu kubwa ya ile sura ilikuwa ya dawa, si ya ugonjwa. Na moja ya alama za metformini walizozikuta ni kuongezeka kwa bakteria wa jamii ya Escherichia. Wale wale waliopakwa rangi nyekundu kwenye ripoti yako.

Kwa hiyo ripoti huenda imekuta nyayo za dawa ambayo tayari unajua unaimeza. Haijakuonyesha jeraha. Kuna zaidi: mwaka 2017 watafiti waliwapa metformini watu waliogunduliwa kisukari karibuni na ambao hawakuwa wametumia dawa, kisha wakachukua kinyesi chao cha kabla na cha baada ya dawa, wakakipandikiza kwa panya waliolelewa bila bakteria wowote. Panya waliopewa bakteria waliokwisha kubadilishwa na metformini waliimudu sukari vizuri zaidi. Maana yake, huenda sehemu ya kazi ya dawa hii inapitia kwa bakteria hao hao. Mabadiliko anayoyalilia mdogo wako yanaweza kuwa sehemu ya tiba. Sisemi kila badiliko ni jema. Nasema rangi nyekundu haiwezi kukwambia ni lipi jema na ni lipi baya.

Na hapa nitoe yangu ya moyoni: vipimo hivi vya nyumbani vinanipa shida. Hakuna kiwango kilichokubaliwa na madaktari cha bakteria wa mtu mwenye afya, kama kilivyopo kiwango cha sukari au cha shinikizo la damu. Makadirio yanasema mtu mzima ana bakteria wapatao trilioni 38, uzito wa gramu 200 hivi wote kwa pamoja, na mchanganyiko wao hutofautiana sana kati ya watu wawili wazima wa afya. Hata ulaini wa kinyesi cha siku ile unabadilisha matokeo. Anayepaka rangi ameamua mwenyewe wapi pawe pekundu.

Sasa omeprazoli, ambayo ni habari nyingine kabisa. Hapa mdogo wako ameuliza swali ambalo hata wewe hujawahi kumuuliza daktari, na ni swali zuri.

Tindikali ya tumbo ni kama mlinzi wa mlangoni. Bakteria wengi wa kinywani tunaowameza na mate hufia hapo. Ukiishusha tindikali mwaka baada ya mwaka, wengine hupita, wakaonekana kwenye kinyesi. Tafiti za mwaka 2016 kutoka Uholanzi na Uingereza zilikuta hivyo hivyo kwa watu wanaotumia dawa za jamii ya omeprazoli. Tena tangu mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kwamba dawa hizi zinahusishwa na kuhara kunakoletwa na bakteria aitwaye Clostridioides difficile, anayependa kuvamia utumbo hasa baada ya antibiotiki. Kwa mtu mmoja mmoja hatari hiyo ni ndogo, lakini ndiyo sababu dawa hii isiendelee kwa mazoea tu.

Kama uliianza ili ikulinde na diklofenaki, na diklofenaki sasa ni ya mara mojamoja, basi kazi yake ya awali imepungua sana. Lakini usikimbilie kuitupa, kwa sababu mbili. Kwanza, hujaniambia kila kitu kuhusu tumbo lako, pengine kwa kuwa hakuna aliyekuuliza. Umewahi kuwa na vidonda vya tumbo, au kutapika damu, au kupata choo cheusi kama lami? Unameza aspirini ndogo ya kila siku, au dawa ya kuzuia damu isigande? Umewahi kuchunguzwa umio ukaambiwa umeathirika na kiungulia? Kwa watu wa namna hiyo dawa hii inazuia damu isivuje na umio usiharibike zaidi, na kuiacha kunaweza kuwapeleka hospitali usiku.

Pili, kuiacha ghafla kuna ujanja wake. Tumbo lililozuiwa kwa muda mrefu, likifunguliwa, hutoa tindikali kupita kiasi kwa wiki kadhaa. Watafiti wa Denmark mwaka 2009 waliwapa watu wazima wa afya, wasiokuwa na kiungulia, dawa ya jamii hii kwa wiki 8, kisha wakaikata bila wao kujua. Katika wiki zilizofuata, zaidi ya watu 40 katika kila 100 walipata kiungulia au dalili kama hizo, ilhali kwa wale ambao hawakuwahi kupewa dawa yenyewe walikuwa 15 tu katika kila 100. Watu hao hawakuwa na ugonjwa. Dawa iliwaachia dalili za ugonjwa ambao hawakuwa nao. Ndiyo maana wengi hujaribu kuacha, wakaungua, wakasema "kumbe bado naihitaji," wakairudia miaka mingine. Madaktari wengi hupunguza dozi kwanza, au humwambia mgonjwa ameze siku anayoona dalili tu. Wengine hukata moja kwa moja lakini humwandaa mgonjwa kwa wiki hizo ngumu. Njia ipi inakufaa itategemea majibu ya yale maswali hapo juu.

Katika mvutano wenu kuna dawa moja ambayo hakuna anayeigombania, nayo ni ile ambayo mimi ningeiuliza mapema: diklofenaki. Dawa za maumivu za jamii hiyo zinaweza kuumiza tumbo, na zinaweza kuzielemea figo, hasa kwa mtu mwenye kisukari. Ya mara mojamoja si sawa na ya kila siku, lakini kwa familia yenye historia ya figo kama yenu, daktari anapaswa kujua kwamba bado unayo ndani ya nyumba na unaitumia unapojisikia.

Kuhusu antibiotiki ya mwaka jana, nakuamini. Hizo ndizo zinazoutikisa utumbo kuliko dawa nyingine zote. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa wanaume 12 wenye afya waliopewa antibiotiki tatu kali kwa siku 4. Baada ya mwezi mmoja na nusu bakteria wao walikuwa wamerudi karibu na hali ya mwanzo, lakini hata baada ya miezi sita kulikuwa na aina 9 ambazo kwa wengi wao hazikuonekana tena. Kwa hiyo utumbo hurudi, ila si lazima urudi vile vile.

Hata hivyo usiiachie antibiotiki lawama yote. Metformini yenyewe hujaza gesi na kulegeza choo. Na umri wako ni ule ambao tumbo likibadilika mwenendo likakaa hivyo kwa miezi, daktari anapaswa kulichunguza kabla ya kulihusisha na bakteria. Ukiona damu kwenye choo, ukapungua uzito bila sababu, au ukaharisha sana na homa baada ya antibiotiki, usisubiri tarehe ya kliniki.

Na kichupa ulicholetewa? Watafiti wa Israeli mwaka 2018 waliwapa watu antibiotiki, kisha wengine wakapewa kapsuli zenye aina 11 za bakteria wazuri na wengine wakaachwa hivi hivi. Walioachwa walirudisha bakteria wao wa asili mapema zaidi. Wageni walikuwa wameshika nafasi. Utafiti ulikuwa mdogo, na kapsuli za aina nyingine zinaweza kutoa matokeo tofauti, kwa hiyo sikwambii kichupa ni kibaya. Nakwambia tu kwamba "bakteria wazuri" kwenye lebo haimaanishi wazuri kwako, kwa wakati huu. Bakteria ulio nao tayari hula nyuzinyuzi, zile za jamii ya kunde, mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa. Mkitaka kitu cha kufanya pamoja na mdogo wako bila kugombana, kipo hapo, na kwenye sukari pia kitawafaa, mradi muongeze taratibu ili gesi isizidi.

Sasa nimgeukie yeye, kwa sababu najua ndiye anayekukosesha usingizi.

Anasema tumbo limetulia tangu aache metformini. Usimbishie hilo, ni kweli tupu. Dawa hii inajulikana kwa kuharisha watu, na aliyekimbizwa chooni kila siku kwa miaka amepata nafuu ya haki. Huenda hakuna aliyemwambia kwamba kuna metformini inayoyeyuka polepole ambayo tumbo la wengi huivumilia, kwamba kuimeza pamoja na chakula kunasaidia, kwamba dozi inaweza kushushwa kisha ikapandishwa kidogo kidogo, na kwamba zipo dawa nyingine za sukari kama hiyo imemshinda. Labda yeye anaona milango miwili tu, kuteseka au kuacha.

Shida ni kwamba nafuu anaisikia, gharama haisikii. Sukari iliyopanda kiasi haiumi. Inafanya kazi yake kimyakimya kwenye macho, kwenye mishipa ya miguu, kwenye figo. Anaposema mwili unamwambia, mwili unamwambia habari za tumbo tu. Katika utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka mwaka 1998, watu wenye kisukari na uzito mkubwa waliotibiwa kwa metformini walipata vifo vichache na mishtuko ya moyo michache kuliko waliotegemea ushauri wa chakula. Faida ya namna hiyo mtu haisikii mwilini, na ndiyo anayoiweka rehani.

Na mama? Nalisogelea hili kwa adabu, kwa kuwa wewe mwenyewe umesema hukuwepo, nami nilikuwa mbali zaidi. Kisukari chenyewe ni moja ya sababu kubwa za figo kushindwa. Figo zinapochoka, vidonge huongezeka, kwa kuwa shinikizo, damu na madini vyote vinahitaji kushikiliwa, na dawa nyingine kama metformini hupunguzwa au kuondolewa kwa sababu hutolewa mwilini kupitia figo. Anayeuguza huona vidonge vikiongezeka na mgonjwa akififia, vyote kwa wakati mmoja. Ni rahisi kuamini kimoja kimeleta kingine. Inawezekana pia kwamba mojawapo ya dawa zile kweli ilimdhuru, hutokea, na hakuna anayeweza kuhukumu hilo kutoka hapa nilipo. Lakini sidhani mdogo wako anahitaji hukumu. Labda anahitaji kwanza mtu wa kumwambia, "Nisimulie ilivyokuwa," naye huyo mtu awe wewe. Umekuwa ukinyamaza kwa heshima. Je, ukimya wako unaweza kuwa umemwachia kuibeba hadithi ile peke yake mpaka ikawa hivi?

Tuje kwenye siri. Unaweza kuendelea kuitunza. Atakuamini, na utaendelea kusikia habari zake, jambo ambalo si dogo, kwa kuwa ndiwe dirisha pekee lililobaki. Hatari ni kwamba miezi itapita bila sukari kupimwa. Unaweza kumwambia mumewe. Huenda akamrudisha kwenye dawa, huenda pia akamfokea, naye akaanza kumficha hata wewe. Sijui ndoa yao ikoje, wewe unajua. Na ipo njia iliyo katikati ya hizo: kurudi kwake mwenyewe kabla ya kwenda kwa mwingine yeyote. Alikuapisha usimwambie mtu. Hakukuapisha usimwambie yeye unavyoogopa.

Amekuomba muache pamoja. Ungeweza kumrudishia ombi jingine: mpime pamoja. Si kipimo cha kinyesi, bali kile cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa takriban miezi mitatu iliyopita. Unaweza kumwambia hivi: "Mimi nimekubali kipimo chako nikakifanya. Nawe nifanyie changu." Matokeo yakiwa mazuri, atakuwa na cha kumwonyesha daktari na mazungumzo ya kupunguza dozi yatakuwa na msingi. Yakiwa mabaya, ameyaona mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Anaweza kukataa. Hapo utakuwa umejua kwamba hofu yake ni kubwa kuliko ulivyodhani, na huenda akahitaji msaada wa majonzi kabla ya msaada wa sukari.

Kwa daktari wako, aibu unayoisikia naielewa. Acha ripoti nyumbani kama inakutia haya. Beba dawa zote ulizonazo, pamoja na diklofenaki na kichupa cha kapsuli, uziweke mezani na uulize kwa kila moja: hii kwangu inafanya kazi gani kwa sasa, na tutajuaje wakati wa kuipunguza? Foleni ikiwa ndefu sana, mfamasia anaweza kukupa dakika alizokosa daktari. Uliza pia kuhusu kupimwa vitamini B12. Metformini ikitumika miaka mingi inaweza kuishusha, na omeprazoli ya muda mrefu inaweza kuchangia. Ukiwa na ganzi miguuni au uchovu usioeleweka, litaje hilo. Mpaka siku hiyo, sioni faida ya kubadilisha chochote peke yako, lakini dawa ni zako na mwili ni wako, na uamuzi wa kumsikiliza nani utabaki kwako.

Jambo moja tu sitalizungukia. Mdogo wako akianza kuwa na kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara usiku, kukonda ghafla au kuona ukungu machoni, mzigo wa kiapo chako utakuwa umebadilika. Akitapika, akalegea, akachanganyikiwa, hiyo ni dharura ya siku ile ile, na watakaomhudumia lazima wajue ameacha dawa gani na tangu lini. Pengine mwambie mapema, leo mkiwa mmetulia, kwamba siku ya namna hiyo ikifika utasema. Atakasirika, au labda atashusha pumzi. Wewe unamjua kuliko mimi.

Mshauri